Kutumia kishikwambi badala ya laptopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kishikwambi kinaweza kuchukua nafasi ya laptopu kabisa?

Kwa watu wengi kinaweza, kwa wengine hakiwezi, na kinachoamua si bei ya kifaa bali aina ya kazi. Chukua karatasi, orodhesha kila ulichofanya kwenye kompyuta mwezi uliopita. Mbele ya kila kazi andika inakofanyikia: kwenye kivinjari, kwenye programu yenye toleo la Android au iPad, au kwenye programu ya Windows peke yake.

Kundi hilo la tatu ndilo la kuangalia. Likiwa tupu, huna haja ya laptopu. Likiwa na kazi moja inayokuja mara moja kwa mwaka, bado huna haja nayo, maana siku hiyo utaazima au utaenda kwenye duka la intaneti. Lakini likiwa na kazi ya kila wiki, kishikwambi kitakuwa kifaa cha pili, na pesa yako ni bora iende kwenye laptopu kwanza.

Ni kazi zipi hasa zinazokwama?

Inayowaumiza watu wengi ni Excel yenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zijiendeshe zenyewe. Excel ya Android na ya iPad hufungua faili hilo vizuri, huonyesha safu na rangi zake zote, ila makro hazifanyi kazi. Unabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea.

Mfano unaojulikana Kenya ni marejesho ya kodi kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi. Mwenye biashara hupakua fomu ya Excel, huruhusu makro, hujaza kurasa zake, kisha hubonyeza kitufe cha kuhakiki ambacho hutengeneza faili la zip la kupakia kwenye tovuti. Hatua hiyo ya kuhakiki ni makro, kwa hiyo kishikwambi hakikufikishi kwenye zip, na bila zip hakuna cha kupakia. Mwenye kipato cha mshahara tu ana njia nyingine: fomu inayojazwa moja kwa moja ndani ya tovuti, na hiyo kishikwambi kinaimudu. Tambua mapema uko upande gani, usisubiri tarehe 30 Juni usiku.

Nyingine zinazokwama ni programu za uhasibu zinazowekwa ndani ya kompyuta, programu za takwimu za SPSS na Stata, programu ya michoro ya AutoCAD kamili, na programu za vifaa maalumu kama mashine za kuchapa lebo. Mitihani ya mtandaoni inayotaka kivinjari maalumu cha kufunga skrini nayo mara nyingi inadai Windows au Mac. Uliza chuo kabla ya siku ya mtihani.

Kuhariri video si tatizo tena. DaVinci Resolve ilifika kwenye iPad mwaka 2022 na Final Cut Pro mwaka 2023, na CapCut ipo kote.

Mimi ni mwalimu na nina kishikwambi cha kazini. Naweza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo humo?

Unaweza. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nchini Tanzania viligawiwa walimu baada ya sensa, na swali hili limekuwa likiulizwa tangu wakati huo.

Ugumu uko kwenye jedwali. Azimio la kazi lina safu wima nyingi, na kwenye skrini ya inchi 8 kidole kinagusa kisanduku kisicho chake. Fanya hivi: fungua ukurasa mpya, uulaze kwanza upande, tengeneza kichwa cha jedwali na safu mlalo moja tupu chini yake, kisha unganisha kibodi na uhame kisanduku hadi kisanduku kwa kitufe cha Tab. Ukifika kisanduku cha mwisho, Tab huongeza safu mlalo mpya yenyewe. Faili hilo tupu lihifadhi kama kiolezo, na kila muhula ulinakili badala ya kuanza upya.

Upana wa safu wima za jedwali usiuhangaikie kwa kidole. Upange mara moja kwenye kiolezo, ikibidi kwenye kompyuta ya shule, halafu usiuguse tena.

Je, Word na Excel ni bure kwenye kishikwambi?

Inategemea ukubwa wa skrini, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshanunua. Microsoft huruhusu kuhariri bure kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1. Ikizidi hapo utasoma tu, na kuhariri kunadai usajili wa Microsoft 365. Galaxy Tab A9 yenye inchi 8.7 inapita bure; Galaxy Tab A9+ ya inchi 11 na iPad ya kizazi cha 10 yenye inchi 10.9 hazipiti.

Kama skrini yako ni kubwa na hutaki kulipia, una njia tatu. Ya kwanza, tumia Word na Excel za ndani ya kivinjari kwa akaunti ya bure ya Microsoft. Zinataka intaneti muda wote. Ya pili ni Google Docs na Sheets, ambazo hufungua na kuhifadhi faili za docx na xlsx bila kuzibadilisha aina. Ya tatu ni WPS Office, ya bure lakini yenye matangazo.

Kwa mtu ambaye bando lake hukatika, tunapendekeza Google Docs. Bonyeza nukta tatu pembeni ya jina la faili, washa chaguo la kulitumia nje ya mtandao, na ulifanye hivyo ukiwa bado na intaneti. Mabadiliko utakayofanya yatapanda yenyewe mtandao ukirudi.

Nimehariri faili nililotumiwa WhatsApp, kisha mabadiliko yakapotea. Yameenda wapi?

Hili ndilo kosa linalopoteza kazi nyingi kuliko yote. Ukigusa hati ndani ya WhatsApp, programu ya kuandikia hupewa nakala ya kusoma tu. Unaandika saa nzima, unafunga, unarudi kwenye WhatsApp na kugusa hati ile ile, na unaikuta kama ilivyotumwa. Kazi yako ama imehifadhiwa kama nakala nyingine kwenye folda usiyoijua, au haikuhifadhiwa kabisa.

Kwanza, tafuta: fungua programu ya Faili, nenda kwenye faili za karibuni, kisha angalia ndani ya Word kwenye orodha ya hati zilizofunguliwa siku hizi. Mara nyingi nakala ipo hapo ikiwa na namba mwishoni mwa jina.

Pili, badili utaratibu. Hati ikifika, usianze kuandika. Chagua kwanza kuihifadhi kwa jina jipya ndani ya folda moja unayoijua, kwa mfano "Kazi 2025", iwe kwenye kifaa au kwenye Google Drive. Hakikisha jina jipya linaonekana juu ya ukurasa, ndipo uandike. Ukimaliza, tuma kutoka kwenye folda hiyo, usitume kutoka ndani ya mazungumzo.

Lazima ninunue kibodi?

Kama utaandika zaidi ya nusu ukurasa kwa siku, ndiyo. Kibodi ya kwenye skrini hula karibu nusu ya kioo, na mikono huchoka.

Kuna aina mbili. Zile zinazonasa kwenye kishikwambi kwa vituo vidogo vya chuma hupata umeme kutoka kwenye kifaa chenyewe, hazihitaji chaji wala kuunganishwa upya, ila ni ghali na haziingiliani kati ya modeli. Za Bluetooth ni nafuu na zinafanya kazi na kifaa chochote. Kuunganisha: washa kibodi, bonyeza kitufe chenye alama ya Bluetooth, mara nyingi pamoja na Fn, hadi taa iwake na kuzima haraka haraka. Kwenye kishikwambi fungua mipangilio ya Bluetooth na uguse jina la kibodi. Ukipewa namba, iandike kwa kibodi hiyo hiyo kisha Enter.

Ukiona alama ya @ inatoka mahali pa alama za kunukuu, kibodi si mbovu. Mpangilio umewekwa wa Uingereza wakati kibodi yako ni ya Marekani, au kinyume chake. Kwenye Android ingia sehemu ya kibodi halisi ndani ya mipangilio ya lugha, uchague Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza, kulingana na kibodi yako.

Kero nyingine ni maneno ya Kiswahili kugeuzwa Kiingereza unapoandika. Kwenye iPad kuna sehemu ya kibodi ya nje ndani ya mipangilio ya kibodi; zima urekebishaji wa maneno hapo. Kwenye Android, Gboard ina Kiswahili, iongeze kwenye orodha ya lugha. Gboard hiyo hiyo hupokea imla kwa Kiswahili tangu 2017, na kwa mtu mwenye maneno mengi ya kuandika na vidole vizito, imla kisha kusahihisha kwa kibodi ni mwendo wa haraka kweli.

Ninunue chenye RAM na hifadhi kiasi gani?

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kuendeshea programu, GB 4 ndiyo ya chini kabisa, na GB 6 au 8 ndizo za kukaa nazo miaka kadhaa. Chini ya hapo, ukitoka kwenye hati kwenda kivinjari na kurudi, utaikuta inajipakia upya. Hifadhi isiwe chini ya GB 64, kwa sababu mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa. Kama kina tundu la kadi ya microSD, picha na video zitahamia huko, lakini programu nyingi zitabaki ndani.

Skrini ya inchi 10 hadi 11 ndiyo inayofaa kwa kazi za ofisini. Ya inchi 8 ni nzuri kusomea, kukusanyia takwimu kwa KoboCollect (programu ya kujazia dodoso), na kubebea mfukoni mwa koti.

Jihadhari na maneno "8+8" kwenye boksi. Hizo nane za pili ni sehemu ya hifadhi inayotumika kama RAM ya msaada, na kasi yake iko chini sana.

Nitajuaje kuwa kishikwambi ni feki?

Alama kubwa ni ahadi isiyolingana na bei: "RAM 16, hifadhi 512" kwa bei ya simu ndogo. Sehemu ya mipangilio inaweza kuchezewa ionyeshe namba yoyote, kwa hiyo usiiamini peke yake. Weka programu ya CPU-Z au AIDA64 ukiwa bado dukani, uangalie jina la prosesa na RAM halisi. Kwa hifadhi, kipimo cha uhakika ni kujaza: nakili video kubwa mara kadhaa hadi kupita GB 64, kisha uzicheze za mwisho. Hifadhi ya uongo hukubali kunakili lakini faili hazifunguki.

Chenye tundu la laini kina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Piga *#06#, na kwa Tanzania tuma namba hiyo kwenda 15090 ulinganishe jibu na modeli iliyo mkononi mwako.

Naweza kuunganisha na projekta?

Hapa ndipo tundu la USB-C linapowadanganya watu. Matundu yote yana umbo moja, lakini si yote yanayotoa picha. Galaxy Tab S8 na S9 zinatoa. Tab A9 na A9+ hazitoi, hata ununue adapta ya HDMI ya bei gani. iPad ya kizazi cha 10 inatoa. Kabla ya kununua adapta, tafuta kwenye maelezo ya kifaa neno DisplayPort. Lisipokuwepo, njia iliyobaki ni kurusha picha bila waya kwenda kwenye Chromecast au televisheni inayopokea, na ukumbini ambako hujui Wi-Fi yake, hiyo ni bahati nasibu. Beba pia PDF ya mada yako kwenye flashi.

Na kuchapa?

Printa yenye Wi-Fi ndiyo suluhisho. iPad hutumia AirPrint, Android hutumia huduma ya Mopria au ya kampuni ya printa. Kishikwambi na printa viwe kwenye mtandao mmoja. Wengi hukwama kwa sababu kishikwambi kiko kwenye hotspot ya simu na printa iko kwenye ruta. Printa ya zamani yenye waya wa USB tu, usihangaike nayo.

Ukienda steshenari, tuma PDF, usitume docx. Kompyuta ya pale inaweza kukosa fonti uliyotumia, na ukurasa mmoja ukageuka miwili.

Flashi yangu haisomeki. Kwa nini?

Sababu ya kawaida ni mfumo wa faili. Flashi iliyoandaliwa kwa NTFS kwenye Windows hukataliwa na vishikwambi vingi. Nakili vilivyomo uviweke kwenye kompyuta, kisha ifomati flashi upya kwa exFAT. FAT32 nayo inasomeka kila mahali, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4. Diski kubwa ya kuzunguka mara nyingi inakosa umeme wa kutosha kutoka kwenye tundu. Itumie kupitia habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye chaja yake.

Umeme ukikatika nina muda gani?

Hapa kishikwambi kinaishinda laptopu waziwazi. Betri ya iPad ya kizazi cha 10 ina takriban Wh 28.6 (saa-wati, kipimo cha nishati), na Apple inaitaja kudumu hadi saa 10 za kuvinjari. Pawabenki ya mAh 20,000 ina Wh 74, lakini nyingine hupotea kama joto njiani. Ukihesabu theluthi moja imepotea, unabaki na kama Wh 49, zinazotosha kukijaza zaidi kidogo ya mara moja na nusu. Laptopu ya kawaida inataka chaja ya W 45 hadi 65, na pawabenki nyingi haziwezi hata kuianza.

Joto ndilo adui. Apple inataka iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Usiiache juu ya dashibodi ya gari, na usiichaji ikiwa ndani ya kava nene mchana wa Dar au Mombasa.

Mikutano ya Zoom inakula bando kiasi gani?

Kwa mazungumzo ya watu wawili yenye picha nzuri, Zoom hupendekeza kasi ya kbps 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa saa moja hiyo ni MB 270 kila upande, jumla MB 540. Ukizima kamera yako unaokoa sehemu ya kwenda. Mwenzako naye akizima, mnabaki na sauti ambayo haifiki hata MB 100 kwa saa.

Kamera iangalie iko upande gani. Kwenye iPad za zamani iko upande mfupi, kwa hiyo ukiilaza unaonekana kama unatazama pembeni. Kizazi cha 10 cha mwaka 2022 ndicho cha kwanza kuihamishia upande mrefu.

WhatsApp na M-Pesa zitafanya kazi?

WhatsApp ndiyo, kama kifaa kilichounganishwa na simu yako. iPad ilipata programu yake mwaka 2025. Unaruhusiwa vifaa vinne, na simu kuu isipotumika kwa siku 14 vyote vinatolewa.

M-Pesa ya menyu ni jambo jingine. *150*00# ya Tanzania na *334# ya Kenya zinahitaji laini na kifaa kinachopiga USSD, yaani namba za menyu kama hizo. Kishikwambi cha Wi-Fi hakipigi, na hata baadhi ya vyenye laini ni vya intaneti tu. Simu ibaki na kazi hiyo.

Nawezaje kufanya kazi na programu mbili kwa pamoja?

Kwenye Android fungua orodha ya programu za karibuni, gusa alama ya programu, chagua kugawa skrini. Galaxy Tab nyingi zina DeX, inayowashwa kwenye paneli ya juu, na hugeuza skrini kuwa na madirisha na upau wa chini kama kompyuta. Kwenye iPad, kuanzia iPadOS 26 ya mwaka 2025, programu hufunguka ndani ya madirisha unayoyapanua na kuyasogeza. Ongeza kipanya cha Bluetooth. iPad inakikubali vizuri tangu Machi 2020.

Vipi vishikwambi vya Windows, kama Surface?

Hivyo ni kompyuta kamili zenye umbo la kishikwambi. Makro zinafanya kazi, programu za uhasibu zinaingia. Ukipata Surface Go iliyotumika, chagua yenye RAM GB 8; ya GB 4 inasota. Betri yake haifiki ya iPad, na kibodi mara nyingi huuzwa peke yake.

Je, bei inaokoa chochote?

Si lazima. Jumlisha kishikwambi, kibodi, kava, adapta na labda usajili wa Microsoft 365, kisha linganisha na laptopu iliyotumika ya ofisi, mfano ThinkPad yenye RAM GB 8 na SSD. Mara nyingi laptopu hiyo inatoka kwa bei sawa au chini. Kishikwambi kinunuliwe kwa ajili ya betri, wepesi, laini ya ndani na kamera ya kuskani hati. Anayekinunua kwa kuamini ni rahisi, atakuja kulalamika.

Nikinunua kilichotumika niangalie nini?

Kwanza kabisa, akaunti. Mwenye nacho akifute mbele yako kupitia mipangilio, kisha kiwashe upya hadi ukurasa wa kuanza. Kikidai barua pepe au nenosiri la mmiliki wa awali, acha, hata bei ikushawishi vipi, kwa sababu kufuli la Apple au la Google halifunguki bila mwenyewe.

Kisha chomeka chaja na usogeze waya kidogo: chaji ikikatika, tundu limelegea. Fungua ukurasa mweupe kabisa utafute madoa, na uburute alama ya programu pole pole kwenye kioo kizima. Ikidondoka njiani, sehemu hiyo ya kioo haihisi kidole. Mwisho, angalia tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Kifaa kilichoacha kupokea masasisho kitaanza kukataliwa na programu za benki kabla hata betri haijachoka.